Kipande cha utumbo kimerudi na jibu la "sampuli haitoshi": kwa nini ugonjwa wa Hirschsprung ni mgumu kuthibitishwa?

#1 Shangazi wa Umoja

Hamjambo nyote. Kaka yangu ana mtoto wa kiume wa miezi minne ambaye tangu azaliwe hapati choo bila kusaidiwa. Alizaliwa katika hospitali moja ya umma hapa Eastlands, mama akaruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake, na kile kinyesi cha kwanza cheusi hakikutoka hadi siku ya tatu, tena baada ya kuwekewa dawa kwa nyuma. Tangu hapo tumbo lake hujaa hewa hadi ngozi inang'aa, anakataa kunyonya, na mara moja alitapika nyongo. Akioshwa utumbo kwa mpira na maji ya chumvi anatulia, kisha mambo yanaanza upya.

Alipigwa picha ya bariamu, yaani eksirei ya utumbo uliojazwa dawa inayoonekana kwenye picha, na sisi wenyewe tukaonyeshwa: sehemu ya chini ya utumbo mpana ni nyembamba, na iliyo juu yake imetanuka. Daktari alisema inafanana na ugonjwa wa Hirschsprung, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo imezaliwa bila seli za neva zinazousaidia kulegea na kusukuma. Wakakata kipande cha puru, wakakipeleka maabara, na baada ya kungoja sana jibu likarudi hivi: "Sampuli haitoshi. Utando telezi pekee ndio unaoonekana. Tafadhali rudia." Mpasuaji naye amekataa katakata kumfanyia upasuaji bila jibu la maabara.

Naomba kuelewa. Ikiwa picha imeonyesha tatizo, mbona wanang'ang'ania kipande? Kasoro ilikuwa wapi, kwa mkataji au kwa msomaji wa slaidi? Na kumkata mara ya pili kuna hatari gani?

#2 Baba Tumaini

Pole sana dada. Binti yangu alipitia njia hiyo hiyo na sampuli yake ya kwanza ilirudishwa pia. Mimi nalaumu usafirishaji. Hospitali tuliyokuwamo haikuwa na maabara ya tishu, kwa hiyo nilikabidhiwa kichupa na fomu, nikaambiwa nikipeleke kwenye maabara ya kibinafsi upande wa pili wa jiji. Nilipanda matatu nikiwa nimekishika mkononi, tukakwama kwenye msongamano wa Thika Road huku jua likipiga dirishani, na kila gari lilipopita kwenye tuta kichupa kilitikisika. Nilipofika, mhudumu alikiinua kwenye taa akaniuliza kama kweli kina kitu ndani. Kipande kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye kifuniko, juu ya dawa, kimekauka na kujikunja.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mkataji au msomaji, ulizia kwanza kilisafirishwa vipi.

#3 Fundi wa Slaidi

Nafanya kazi katika maabara ya tishu hapa Nairobi, na kuandaa vipande vya aina hii ni sehemu ya kazi yangu. Baba Tumaini anasema kweli kuhusu kukauka: kipande kikikauka, seli zake husinyaa kiasi kwamba hata mwanapatholojia (daktari anayesoma slaidi) hodari hawezi kuzitofautisha. Lakini jua na muda wa barabarani visingekuwa na madhara makubwa kama kipande kingebaki ndani ya fomalini, kwa sababu kazi ya fomalini ni kuhifadhi.

Jibu la Shangazi, hata hivyo, linaelekeza kwingine. Ukuta wa utumbo una matabaka. La ndani kabisa ni utando telezi, chini yake kuna tabaka laini lenye mtandao wa neva wa Meissner, kisha inafuata misuli, na katikati ya matabaka mawili ya misuli ndipo ulipo mtandao wa Auerbach. Seli za ganglioni, yaani zile seli za neva tunazozitafuta, zimo katika mitandao hiyo miwili. Kipande kilichoishia kwenye utando telezi hakikufika mahali zinapokaa, hivyo kutoziona humo hakumaanishi chochote. Mwanapatholojia angeandika "hakuna seli za ganglioni" kwa kipande kama hicho, angekuwa amempeleka mtoto huyo kwenye kisu bila ushahidi.

Watu wengi hawajui jinsi kipande chenyewe kilivyo kidogo. Kile cha biopsi ya kunyonya, yaani kinachokatwa kwa mrija unaouvuta utando ndani yake, hakizidi punje ya mchele iliyovunjika. Tukikipokea tunapenda kiwe kimelazwa juu ya karatasi ya kuchuja, upande wa utando ukiwa juu, ili tukikizamisha katika nta ya parafini tujue upande upi ni wa kina. Kikija kimejiviringa, tunakata tukikisia. Baada ya hapo tunakikata katika vipande vyembamba mfululizo, kimoja baada ya kingine, mara nyingi kati ya 50 na 100, na vyote lazima vitazamwe kwa hadubini. Kupata seli moja ya ganglioni iliyo wazi kunatosha kusema kwamba neva zipo mahali hapo. Kusema hazipo kunadai kwamba umetazama kila mahali, na kwamba ulichopewa kinatosha kutazamwa.

#4 Msomaji wa Rongai

Nashukuru kwa maelezo, Fundi, ila mimi bado nina shaka. Familia hii imelipia picha, imelipia biopsi, sasa inaambiwa ilipe tena. Picha imeonyesha utumbo mwembamba chini na mpana juu, mtoto alichelewa kupata choo cha kwanza, na tumbo linajaa. Mkulima akiona dalili tatu kama hizo kwa ndama hangojei maabara. Kwa nini mpasuaji asimsaidie mtoto sasa?

#5 Daktari wa Zamu ya Usiku

Mimi ni daktari ninayesomea upasuaji, na swali la Msomaji wa Rongai ni la haki, kwa kuwa gharama ni mzigo wa kweli. Hata hivyo naungana na mpasuaji wa mtoto huyu.

Picha ya bariamu inasaidia sana lakini inaweza kupotosha pande zote mbili. Kwa mtoto mchanga wa siku chache, sehemu yenye afya haijapata muda wa kutanuka, hivyo picha inaweza kuonekana ya kawaida ilhali ugonjwa upo. Ikiwa utumbo mpana wote umekosa seli, hakuna mahali pembamba panapokutana na papana, kwa hiyo ile alama tunayoitafuta haipo. Kumwosha mtoto utumbo muda mfupi kabla ya picha kunaweza kuufuta mpaka huo, na hata kidole cha daktari kikitangulia kuingizwa kinaweza kuitanua sehemu nyembamba. Kwa upande mwingine, wapo watoto wenye utumbo mwembamba upande wa kushoto kwa sababu nyingine kabisa, wakiwemo baadhi ya waliozaliwa na mama wenye kisukari.

Matibabu yenyewe si madogo. Tunaondoa sehemu isiyo na neva na kuivuta chini ile yenye afya hadi karibu na tundu la haja. Utumbo uliokatwa haurudishwi. Ukimfanyia hivyo mtoto ambaye neva zake zilikuwa sawa, unaweza kumwachia tatizo la maisha yote la kushindwa kuzuia choo. Ndiyo maana biopsi inabaki kuwa kipimo cha mwisho.

Kwa wanaouliza ugonjwa huu ni wa kawaida kiasi gani, humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa hai, na wavulana huwa kama mara 4 ya wasichana. Kwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa, sehemu iliyoathirika ni ya puru na ile inayopakana nayo tu.

#6 Mwalimu wa Kasarani

Nakala ya ufafanuzi kwa faida ya wote: ugonjwa huu umepewa jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen nchini Denmark, ambaye mwaka wa 1888 alichunguza vipande vya utumbo kwa hadubini na kugundua kwamba neva zimekosekana. Kwa hiyo ni jambo linalojulikana kwa zaidi ya karne moja, na inasikitisha kwamba bado tunahangaika nalo.

#7 Fundi wa Slaidi

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo nakusahihisha kidogo. Hirschsprung aliwaeleza madaktari mjini Berlin habari za watoto wawili mwaka wa 1886, na maandishi yake yakachapishwa mwaka wa 1888, lakini yeye hakutambua habari ya neva. Alichokiona ni utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi, akaamini kwamba hapo ndipo penye ugonjwa. Madaktari wengi waliomfuata waliamini vivyo hivyo, wakawa wanaondoa sehemu iliyotanuka, na tatizo likarudi kwa sababu ile nyembamba iliyo chini ilibaki.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1948, Orvar Swenson na Alexander Bill walipoeleza upasuaji wa kuondoa sehemu nyembamba yenyewe. Mwaka wa 1955 Swenson na wenzake wakaeleza jinsi kipande cha puru kinavyosaidia kuutambua ugonjwa. Kipande chao kilikuwa cha kina chote cha ukuta, na mtoto alilazimika kulazwa kwa nusukaputi. Helen Noblett wa Melbourne ndiye aliyeeleza mwaka wa 1969 mrija wa kunyonya ambao hukata kipande kidogo bila nusukaputi. Huo ndio uliowarahisishia watoto wachanga, na ndio pia uliotuletea vipande vidogo ambavyo mara nyingine havitoshi.

#8 Mwalimu wa Kasarani

Asante Fundi. Basi wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wataipata historia hii ikiwa imenyooka.

#9 Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Nimekuwa nikiwasaidia madaktari kufanya biopsi hizi, na ningependa tuangalie jambo ambalo halijatajwa: kimo. Juu kidogo ya tundu la haja kuna mstari ambapo ngozi hukutana na utando wa ndani. Sentimita moja au mbili za mwanzo juu ya mstari huo kwa kawaida huwa na seli chache sana za ganglioni, au hazina kabisa, hata kwa mtoto mzima wa afya. Kipande kikitolewa hapo, mwanapatholojia anaweza kutoziona na mtoto akaitwa mgonjwa bure. Ndiyo maana hutolewa sentimita 2 hadi 3 juu ya mstari, kwenye ukuta wa nyuma, na ni vizuri kuchukua zaidi ya kimoja. Kikitolewa juu mno nacho, ugonjwa wa sehemu fupi sana unaweza kurukwa.

Sasa fikirieni mtoto wa miezi minne anayelia na kurusha miguu, mimi nimemshika magoti, daktari anajaribu kukisia sentimita mbili ndani ya mtoto asiyetulia. Mrija unaponyonya, kinyesi kilichobaki kinaweza kuziba tundu lake, na kisu chake kikiwa butu hukwaruza utando tu badala ya kukata hadi tabaka la chini. Shangazi, huenda hakuna mzembe hapo.

Kuhusu hatari uliyouliza: juu ya mstari ule mtoto hasikii maumivu ya kukatwa kama tunavyoyasikia kwenye ngozi, ndiyo maana ya kunyonya hufanywa bila nusukaputi. Matone ya damu ni ya kawaida. Kuvuja damu nyingi au utumbo kutoboka hutokea kwa nadra, lakini mtoto lazima atazamwe baadaye. Wazazi waulize pia kama alidungwa vitamini K alipozaliwa, na kama chembe zake za kugandisha damu zimepimwa.

Na jambo moja ambalo sitaki lipotee katikati ya mjadala wa maabara. Wakati mnangoja jibu, mtoto huyu anaweza kupata uvimbe mkali wa utumbo unaoua. Akipata homa, tumbo likijaa ghafla, akaanza kuharisha choo chenye harufu kali kinachotoka kwa kishindo, akalegea, asingojee siku ya kliniki. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Wazazi wengi huona kuharisha wakafurahi kwamba hatimaye amefunguka tumbo.

#10 Mama Zawadi

Asante kwa hilo la mwisho, Muuguzi. Nami niongeze upande mwingine. Binti yangu ana hali ya Down, na watoto wa hali hiyo hupata Hirschsprung zaidi ya wengine, kwa hiyo alipoanza kufunga choo kila mtu alikuwa na uhakika. Tumbo lilijaa, picha ikawa na utata, tukaandaliwa kisaikolojia kwa kolostomia, yaani utumbo kutolewa kwenye tundu la tumboni ili choo kipite hapo. Biopsi ikaonyesha seli za ganglioni zikiwa kamili. Damu ilipopimwa ikabainika kwamba tezi yake ya shingoni ilikuwa haitoi homoni ya kutosha, na dawa ya vidonge ikabadilisha kila kitu.

Msomaji wa Rongai, ningefuata kanuni yako ya dalili tatu, mwanangu angekatwa utumbo.

#11 Nyanya wa Dagoretti

Wajukuu, nawasoma kwa makini. Zamani mtoto akifunga choo tulimkanda tumbo kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, tukampa maji ya gripe, na wengi walifunguka. Wale ambao hawakufunguka tulisema wamekwenda na jicho baya. Leo ninapowasikiliza najiuliza ni wangapi walikuwa na ugonjwa huu.

Nina swali. Majirani wanamwambia mama wa mtoto kwamba alikula kitu kibaya akiwa mjamzito, na upande wa baba wanasema ni damu ya kwao mama. Kuna ukweli wowote?

#12 Daktari wa Zamu ya Usiku

Shikamoo Nyanya. Mwambie mama huyo kwamba si chakula alichokula. Seli za neva za utumbo huanzia karibu na uti wa mgongo wa kijusi na kusafiri kutoka upande wa kinywa kuelekea chini, kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya ujauzito. Zikisimama njiani, sehemu iliyobaki huzaliwa bila seli. Ndiyo sababu sehemu yenye ugonjwa huanzia chini kabisa na kupanda juu bila kukatika, na ndiyo sababu kipande cha puru kinaweza kutueleza kama ugonjwa upo. Wakati huo wa ujauzito mama wengine hata hawajajua kwamba wana mimba.

Kuhusu damu, jeni zipo ndani yake. Inayojulikana zaidi ni ile iitwayo RET, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka wa 1994. Lakini inaweza kutoka kwa baba au kwa mama, au kubadilika kwa mtoto mwenyewe, na watoto wengi hawana ndugu mwingine mwenye ugonjwa. Hakuna upande wa kunyooshewa kidole.

#13 Nyanya wa Dagoretti

Marahaba mwanangu. Nitayapeleka maneno hayo kwenye chama Jumapili, maana huko ndiko yanakosemwa.

#14 Msomaji wa Rongai

Mama Zawadi, nimekusikia na ninaiondoa hoja ya ndama. Lakini nina swali jingine kwa Fundi. Nimesikia kuna rangi mpya inayoitwa kalretinini ambayo inarahisisha kusoma vipande hivi. Ikiwa ipo, kwa nini sampuli ya mtoto huyu isipakwe rangi hiyo badala ya kumkata tena?

#15 Fundi wa Slaidi

Swali zuri, na hapa ndipo ninapoona tumaini kidogo kwa Shangazi. Rangi zetu za kawaida ni hematoksilini na eosini, na kwa hizo msomaji hutafuta umbo la seli kwa macho. Kalretinini ni protini iliyo ndani ya seli za ganglioni na katika nyuzi ndogo za neva zinazopanda hadi kwenye utando telezi. Kwenye utumbo wenye afya, nyuzi hizo huonekana za kahawia hata katika kipande kisicho cha kina. Kwenye sehemu yenye Hirschsprung hazionekani. Na uzuri wake ni kwamba inafanya kazi kwenye kipande kilichokwisha kuwekwa katika fomalini na parafini.

Kile kibonge cha nta chenye kipande cha mtoto hakikutupwa, maabara huvihifadhi. Shangazi, ombeni kwanza kikatwe zaidi, maana mara nyingine tabaka la chini limejificha pembeni ya nta, kisha kipakwe kalretinini. Nyuzi zikionekana, mtoto huyu ana uwezekano mdogo sana wa kuwa na ugonjwa.

#16 Hadubini Arobaini

Nimefuatilia uzi huu kimyakimya, ila hapa Fundi ameniamsha. Ninasoma slaidi hizi, na singependa familia ishike tumaini hilo kwa mikono miwili. Kalretinini ikionekana wazi, nakubali, ni habari njema. Isipoonekana kwenye utando telezi pekee, bado hatujathibitisha lolote, kwa kuwa rangi yenyewe inaweza kushindwa ikiwa fomalini ilikuwa mbaya au kipande kilikauka kama kile cha Baba Tumaini, au ikiwa kilitoka kwenye eneo la chini alilolieleza Muuguzi. Tena kwa mgonjwa ambaye puru yake iko mpakani mwa sehemu yenye afya na sehemu yenye ugonjwa, nyuzi chache zinaweza kuonekana na kutudanganya.

Mimi hutaka kuona mambo mawili pamoja: seli za ganglioni zisiwepo katika tabaka la chini linalotosha, na neva za hapo ziwe nene kuliko kawaida, zaidi ya maikromita 40. Na hata hilo la pili lina kasoro, kwa sababu utumbo mpana wote ukikosa seli, neva nene huenda zisiwepo. Wenzetu wengine hutegemea rangi ya asetilikolinesterasi, ambayo mwanapatholojia Meier-Ruge aliieleza mwaka wa 1972. Ni nzuri, lakini inahitaji kipande kibichi kilichogandishwa mara moja, kwa hiyo kichupa cha fomalini kikishafika mkononi mwa baba kwenye matatu, njia hiyo imefungwa.

Umri nao una neno. Seli za ganglioni za mtoto mchanga ni ndogo, hazijapevuka, na zinafanana na seli nyingine za jirani. Mtoto wa miezi minne ni rahisi kidogo kumsoma kuliko wa siku tatu.

#17 Fundi wa Slaidi

Sipingi tahadhari yako, Hadubini. Ninachosema ni kwamba kukipaka rangi kibonge kilichopo hakumwumizi mtoto, na kuna uwezekano kwamba kukata tena hakutahitajika.

#18 Hadubini Arobaini

Na ninachohofia ni wiki zitakazopotea wakingoja rangi ambayo si kila maabara inayo, ilhali Muuguzi ametueleza mtoto anaweza kuharibikiwa usiku mmoja. Viombwe vyote viwili kwa pamoja. Tarehe ya biopsi ya pili isisogezwe.

#19 Shangazi wa Umoja

Nawashukuru sana, nimesoma kila jibu pamoja na kaka yangu na mke wake. Shemeji amenieleza leo mambo ambayo sikuyajua nilipouliza. Siku ile mtoto alioshwa utumbo asubuhi, lakini maji hayakurudi yote. Kifaa cha kunyonya hakikupatikana, hivyo walitumia koleo ndogo ya kukatia, na daktari alisema amepata vipande viwili ila karatasi ya maabara inataja kimoja. Kichupa walikipeleka wenyewe hadi mjini kama Baba Tumaini.

Kwa hiyo sasa nina sababu nyingi kuliko nilizokuja nazo. Inaweza kuwa ni koleo, ni kinyesi kilichobaki, ni kipande kimoja kupotea, au ni kibonge kutokatwa vya kutosha. Alhamisi tuna kliniki. Je, tuombe ya kunyonya irudiwe, au ile ya kina chote kwa nusukaputi?

#20 Daktari wa Zamu ya Usiku

Mimi ningependelea ya kina chote. Sampuli imeshindikana, jibu limechelewa, na mtoto anadhoofika. Kwa nusukaputi mpasuaji anaona kwa macho anakata wapi, anafika hadi kwenye msuli, na mtandao wa Auerbach unapatikana. Jibu lake ni vigumu kurudi na neno "haitoshi".

#21 Muuguzi wa Wodi ya Watoto

Daktari, hapo tunaachana. Mtoto mwenye tumbo lililojaa si wa kupewa nusukaputi kirahisi, na kidonda cha kina chote huacha kovu kwenye ukuta wa nyuma, mahali pale pale ambapo wapasuaji watalazimika kuchambua baadaye wakija kuvuta utumbo. Kwa umri wa miezi minne biopsi ya kunyonya bado inafaa kabisa. Ni kwa watoto wakubwa, ambao utando wao umekuwa mgumu, ndipo ninapoona ya kina chote haiepukiki. Watafute hospitali yenye kifaa chenye kisu kikali, waoshe utumbo vizuri siku iliyotangulia, na vichukuliwe vipande zaidi ya kimoja.

#22 Baba Tumaini

Kwetu ilikuwa njia ya tatu. Binti yetu alizidiwa tukiwa tunangoja, ikabidi afanyiwe kolostomia ya dharura, na mpasuaji akachukua vipande akiwa tayari amelifungua tumbo, kimoja mahali alipotoa kolostomia na vingine chini yake. Hapo ndipo ilipojulikana ugonjwa unaishia wapi. Mfuko wa tumboni ulitutisha mwanzoni, lakini mtoto alianza kunyonya na kunenepa tukiwa bado wodini, na upasuaji wa kuvuta utumbo ukafuata akiwa na nguvu.

#23 Hadubini Arobaini

Njia hiyo ina faida yake, mradi kipande cha mahali pa kolostomia kisomwe kwa uangalifu, kwa sababu kolostomia ikitolewa kwenye sehemu isiyo na neva haitafanya kazi.

#24 Fundi wa Slaidi

Shangazi, vyovyote watakavyoamua Alhamisi, kila kipande kiwekwe kwenye kichupa chake, kiandikwe kimetoka sentimita ngapi juu ya mstari, kizamishwe chote katika fomalini, na kifuniko kifunguliwe mkitazama kabla hamjaondoka. Kwenye fomu daktari aandike umri wa mtoto, siku aliyopata choo cha kwanza, picha ilionyesha nini, na kwamba sampuli ya awali ilirudishwa. Fomu nyingi hutufikia zikiwa na neno moja tu, "biopsi", na aliye kwenye hadubini hajui hata kama anatafuta seli za ganglioni au minyoo.

#25 Shangazi wa Umoja

Nimeyaandika yote. Fundi, kibonge cha zamani kinaombwa na mzazi mwenyewe au lazima iwe barua ya daktari?

#26 Fundi wa Slaidi

Barua ya daktari ndiyo njia fupi. Iandikwe namba ya maabara iliyo juu ya lile jibu la kwanza, maana vibonge hupangwa kwa namba hiyo wala si kwa jina la mtoto.